Anayehesabu Tumbusi Hajakosa Kazi: Mpe Jibu la Kweli, Kisha Mdai Matokeo

Leo naweka pembeni mahindi na chanjo za kuku. Nataka tuzungumze habari ya ndege, tena ndege asiyependwa na mtu: tumbusi, yule ambaye wengine humwita tai mzoga.

Mwaka jana mwezi wa tisa kulikuwa na mkutano wa kijiji katika kata ninayoihudumia. Alikuja dada mmoja anayeongoza utafiti wa ndege katika shirika la uhifadhi. Alikuwa na vijana wawili, darubini na daftari. Alipomaliza kujieleza, mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akasema: "Binti yangu, sisi hapa malisho yamekwisha, ng'ombe wanakonda, dawa ya kuogesha imepanda bei. Wewe umesoma mpaka ukafika huko juu, na kazi waliyokupa ni kuhesabu tumbusi?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka.

Makala hii naiandika kwa sababu ya kicheko kile. Swali la mzee lilikuwa la haki, na mtu wa kumjibu nilikuwa mimi, maana mimi ndiye afisa ugani. Badala ya kumjibu, nikacheka na wenzangu. Leo najibu. Msimamo wangu nausema mapema: utafiti wa ndege ni kazi inayomhusu mfugaji na mwenye duka la dawa kuliko anavyodhani. Mtafiti akija kijijini kwako, mpe jibu la kweli. Na ukishampa, una haki ya kudai arudi na matokeo.

Kazi yenyewe ni nini?

Anayeongoza utafiti wa ndege anafanya kazi inayofanana sana na ile ninayokusumbua nayo kila siku: kutunza kumbukumbu. Anachagua barabara fulani, anaipita kwa mwendo ule ule, msimu ule ule, mwaka baada ya mwaka, na kuandika kila ndege anayemwona. Anahesabu viota na kuangalia vingapi vina kinda. Wengine wanakamatwa, wanawekewa alama kwenye bawa au kifaa kidogo mgongoni kinachotuma habari za alipo, kisha wanaachiwa. Anayekufa anapasuliwa ili ijulikane amekufa kwa nini. Juu ya hayo yote, kiongozi huyo anatafuta fedha, anafundisha vijana, anaomba vibali, na anaandika ripoti.

Ukiniambia ng'ombe wako leo ametoa lita sita, sijui kama hilo ni jambo zuri au baya. Lakini ukinionyesha daftari kwamba mwezi uliopita alitoa lita tisa, nitakuja kwako leo leo, maana kuna tatizo. Ndege ni hivyo hivyo. Hesabu ya siku moja haina maana kubwa. Hesabu ya miaka kumi inaweza kuokoa maisha ya watu. Na hili silisemi kwa kutia chumvi. Limeshatokea, huko India.

Tumbusi walivyokwisha India

India kuna shirika la uhifadhi la zamani sana linaloitwa Bombay Natural History Society, lililoanzishwa mwaka 1883. Mmoja wa watafiti wake alikuwa Vibhu Prakash. Miaka ya 1980 alifanya kazi katika hifadhi ya Keoladeo, jimbo la Rajasthan, akahesabu viota vya tumbusi zaidi ya 300. Wakati ule tumbusi India walikuwa wengi kama kunguru wa huku kwetu. Hakuna aliyefikiri wanaweza kwisha.

Aliporudi kuhesabu miaka ya katikati ya 1990, viota vilikuwa vimepungua kwa nusu. Ndege walikaa matawini shingo zimelegea kama wagonjwa, kisha wakaanguka. Wengine walifia kwenye viota vyao. Miaka michache baadaye, katika hifadhi ile hapakubaki hata kiota kimoja cha tumbusi wale.

Je, tatizo lilikuwa hifadhi moja tu au nchi nzima? Hapo ndipo daftari lilipofanya kazi. Shirika lile lilikuwa limehesabu ndege wawindaji na tumbusi barabarani, sehemu nyingi za India, kati ya mwaka 1990 na 1993. Mwaka 2000 Prakash na wenzake wakarudia njia zile zile. Tumbusi walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kufikia mwaka 2007 tumbusi wa jamii moja, mwenye mgongo mweupe, alikuwa amepungua kwa asilimia 99.9. Kwa hesabu ya kijijini: katika kila ndege 1,000, amebaki mmoja.

Kama hesabu ile ya kwanza isingefanyika, kwa sababu mtu fulani alisema ni kazi ya waliokosa kazi, dunia ingechelewa sana kujua kwamba kuna msiba.

Jibu lilitoka dukani

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri, hasa wewe unayeuza dawa.

Watafiti walihangaika miaka kadhaa kutafuta sababu. Je, ni njaa? Hapana, mizoga ilikuwa imejaa, haina wa kuila. Je, ni sumu za mashambani? Vipimo havikuonyesha hivyo. Je, ni virusi? Wengi waliamini ni virusi, wakatafuta, hawakuvipata.

Nchini Pakistan, ambako nako tumbusi walikuwa wakifa, kulikuwa na kikosi cha shirika la The Peregrine Fund, na ndani yake daktari wa wanyama aitwaye Lindsay Oaks. Walipasua ndege wengi waliokufa. Wengi wao walikuwa na utando mweupe kama chokaa kwenye moyo, ini na figo. Maana yake ni kwamba figo zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi, na taka za mwili zimejaa ndani.

Kwa hiyo wakajiuliza: tumbusi anakula nini? Anakula mizoga ya mifugo. Na mifugo inapewa nini? Wakaenda kuuliza madaktari wa mifugo na wenye maduka ya dawa: ni dawa gani mnauza kwa wafugaji, ambayo inaweza kuharibu figo? Jibu likawa moja: diclofenac. Hiyo hiyo unayomeza ukiumwa mgongo au goti. Ilikuwa imeanza kutumika kwa mifugo huko kwa wingi, kwa kuwa ilikuwa rahisi na inamnyanyua ng'ombe anayechechemea.

Wakapima figo za ndege waliokufa. Ndege 25 waliokuwa na ule utando mweupe, wote walikutwa na diclofenac. Ndege 13 waliokufa kwa sababu nyingine, hakuna hata mmoja aliyekutwa nayo. Matokeo yakatangazwa mwaka 2004. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo.

Umeona? Virusi vilitafutwa maabara miaka mingi. Jibu lilikuwa kwenye rafu ya duka na ndani ya zizi. Waliokuwa nalo ni watu kama wewe. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza, na wao kujibu kweli.

Kuna hesabu nyingine ambayo nikiisema mikutanoni watu hunyamaza. Watafiti walikokotoa ni mizoga mingapi yenye diclofenac inayotosha kuwamaliza tumbusi kwa kasi ile. Wakakuta inatosha mzoga mmoja tu kati ya mizoga 130 hadi 760. Kwa hiyo usiniambie, "mimi nina ng'ombe mmoja, nitaharibu nini?" Tumbusi wanakula kwa makundi, na mzoga mmoja unaweza kukusanya makumi yao. Tena ndege hawa hawazai kama kuku. Jike hutaga yai moja kwa msimu, na huanza kutaga akiwa na umri wa miaka kama mitano. Kundi likifa leo, mtoto wako anayeanza darasa la kwanza atamaliza shule halijarudi.

Na hasara ikaenda kwa nani?

Mzee wetu aliuliza kwa haki: tumbusi ana faida gani? Waulize wanavijiji wa India.

Tumbusi walipokwisha, mizoga ya ng'ombe ilibaki inaoza nje ya vijiji. Mbwa wazururaji wakapata chakula, wakaongezeka. Mbwa wakiongezeka, kichaa cha mbwa nacho hupata njia. Wale waliokuwa wakiokota mifupa iliyosafishwa na tumbusi ili waiuze viwandani walikosa mifupa safi. Ikabidi wasafishe wenyewe au waache biashara.

Mwaka 2024 wachumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walichapisha utafiti uliolinganisha wilaya za India zilizokuwa na tumbusi wengi na zile ambazo hazikuwa nao. Walikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2005, kutoweka kwa tumbusi kulisababisha vifo vya ziada vya watu karibu 500,000, kwa sababu ya maji machafu, mizoga na magonjwa. Hiyo ni hesabu ya watu, siyo ndege. Wengi wao bila shaka hawakujua kwamba kufa kwao kulianza na sindano ya ng'ombe.

Mambo haya yamepimwa na karibu na kwetu. Huko Laikipia, Kenya, Darcy Ogada, ambaye ameongoza utafiti wa ndege wawindaji Afrika kwa The Peregrine Fund, aliweka mizoga na kuangalia nini hutokea tumbusi wakiwepo na wasipokuwepo. Bila tumbusi, mzoga ulichukua karibu mara tatu ya muda kwisha. Wanyama kama fisi na mbweha waliofika kwenye mzoga waliongezeka mara tatu, na walikaa hapo muda mrefu zaidi, wakigusana. Mfugaji anajua maana ya wanyama kugusana kwenye mzoga. Maana yake ni ugonjwa kuhama.

Huku kwetu sumu ina jina lingine

Usije ukafikiri hii ni hadithi ya Wahindi. Mwaka 2007 diclofenac ilikutwa ikiuzwa kwa ajili ya mifugo hapa hapa Tanzania. Na tumbusi wetu mwenye mgongo mweupe, yule wa kawaida unayemwona akizunguka juu, alipimwa, ikaonekana naye figo zake haziwezi kuhimili dawa hiyo.

Lakini kwa Afrika tatizo kubwa zaidi ni sumu ya makusudi. Ogada na wenzake walikusanya hesabu za tumbusi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Jamii nane walizoziangalia zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miaka kama 30. Katika vifo vilivyoandikwa, asilimia 61 vilitokana na sumu, na asilimia 29 vilitokana na kuwaua kwa ajili ya dawa za kienyeji na ushirikina.

Sumu hiyo huwekwa na watu wa aina mbili. Kuna majangili, wanaowaua tumbusi kwa sababu wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali tembo alipouawa. Huko Botswana, mwaka 2019, tumbusi 537 walikutwa wamekufa kwenye mizoga ya tembo iliyowekwa sumu. Halafu kuna sisi. Simba au fisi ameua ng'ombe, tunachukua sumu ya mazao, tunanyunyizia mabaki, tunasubiri kulipiza. Na hao tumbusi hawajui mipaka ya kijiji wala ya nchi. Waliowekewa vifaa Masai Mara walionekana wakivuka kuja Serengeti na kurudi. Sumu ya kijiji kimoja inaua ndege wa nchi mbili.

Kosa langu mwenyewe

Hapa lazima niseme kweli, la sivyo sina haki ya kukushauri.

Mwaka 2019 nilikuwa kata nyingine. Mfugaji mmoja ninayemheshimu aliuliwa mtamba na ng'ombe wa maziwa mwenye mimba, usiku mmoja. Aliyeua ni simba. Yule ng'ombe ndiye aliyekuwa akisomesha watoto. Alinunua sumu ya mazao, iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni bila lebo, akaimwaga kwenye mabaki. Jioni jirani yake akanipigia simu kunieleza. Nilimjibu, "Nitapita kesho."

Nilijua nini kingetokea. Nimesomea. Lakini nilimwonea huruma, na niliogopa kuonekana msaliti. Nikalala.

Asubuhi nilikuta fisi wawili wamekufa, mbwa wawili wa jirani, na tumbusi 31. Niliwahesabu mwenyewe. Simba hakuwepo. Hakurudi kabisa kwenye mabaki yale. Tulikusanya mizoga tukaichoma, mikono imefungwa mifuko ya plastiki, watoto wakiwa wamesimama pembeni wanatazama. Nilishukuru Mungu kwamba hakuna mtoto aliyefika pale kabla yetu.

Katika ripoti yangu ya mwezi niliandika: "Vifo vya mifugo: 2. Sababu: wanyamapori." Nikaishia hapo. Tumbusi 31 hawakuandikwa popote.

Sasa rudi kwenye ule mkutano wa mwaka jana. Baada ya kicheko, dada yule aliuliza swali moja: "Kuna mtu amewahi kuona tumbusi wengi wamekufa mahali pamoja?" Kimya. Kila mtu aliangalia chini, na mimi nikiwemo. Niliwaza: huyu ameacha watoto wake, amekuja kutafuta habari hii hii, na mimi ninayo, nimeikalia.

Jioni nilimfuata nyumba ya wageni. Nilimkuta barazani anakunywa chai. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Hakutaka jina la mfugaji. Aliuliza mambo manne: mahali, tarehe, sumu ya aina gani, ndege wangapi. Akaandika. Kisha akaniambia kwamba bila habari kama hizo, hesabu zake zinamwonyesha tu kwamba ndege wamepungua, hazimwambii walikwenda wapi.

Nami nikamwambia langu. Nikamwambia: "Dada, wenzako walishakuja hapa. Walipima, walipiga picha, walitujazisha fomu, hawakurudi. Ndiyo maana mzee alikucheka." Alikubali kwamba ni kweli, akaahidi. Baada ya mvua ikaja karatasi moja ya Kiswahili, imebandikwa ofisi ya mtendaji: walihesabu nini, waliona nini, wanashauri nini. Yule mzee aliyevua kofia alimwita mjukuu wake amsomee. Akasikiliza mpaka mwisho.

Kwa mfugaji

1. Usitie sumu kwenye mzoga, hata ukiwa na hasira ya haki. Haichagui. Inaua mbwa wako, inaweza kuua mtoto wa jirani, na mara nyingi yule uliyemkusudia haji.
2. Fedha ya sumu iweke kwenye boma. Miiba mirefu iliyosukwa vizuri, au waya kwa mwenye uwezo, na mlango unaofungwa kweli. Ng'ombe anayelala nje ndiye anayeliwa.
3. Mnyama akiua mifugo, toa taarifa kwa mtendaji na kwa maafisa wanyamapori mapema, mabaki yakiwa bado yapo. Kifuta jasho ni kidogo na huchelewa, hilo nalijua. Lakini bila taarifa hakipo kabisa.
4. Ng'ombe akihitaji dawa ya maumivu au homa, muulize mtaalamu wa mifugo kuhusu meloxicam. Imepimwa kwa tumbusi ikaonekana ni salama kwao. Usimpe ng'ombe diclofenac wala vidonge vya binadamu. Ketoprofen na aceclofenac nazo India imezipiga marufuku kwa mifugo tangu mwaka 2023 kwa sababu hiyo hiyo.
5. Mnyama aliyekufa akiwa ametibiwa karibuni, mfukie chini sana au mchome. Akifa ghafla, damu nyeusi inatoka puani au nyuma, usimpasue, usimchune, usimle. Huenda ni kimeta. Niite.

Kwa mwenye duka

Nakuheshimu, kwa sababu mfugaji anakuja kwako kabla ya kuja kwangu. Ndiyo maana nakuomba haya.

Usifungue kopo la sumu ya mazao ukapima kidogo kidogo kwenye nailoni. Sumu isiyo na lebo ndiyo niliyoikuta mwaka ule. Mtu asiye na shamba akitaka sumu kali, muulize ya nini. Ukiuza dawa za binadamu, usimuuzie mtu diclofenac ya sindano kwa ajili ya ng'ombe. Huko India, hata baada ya marufuku, wafugaji waliendelea kununua chupa kubwa za binadamu za mililita 30 na kuwachoma ng'ombe, mpaka mwaka 2015 serikali ikaamuru chupa za sindano za binadamu ziwe za mililita 3 tu. Tusisubiri kuamriwa.

Na mtafiti akija kukuuliza unauza nini, usimwone kama mkaguzi wa kodi. Kumbuka kwamba jibu la Pakistan lilitoka kwa wenye maduka.

Kwa kijiji, na kwa watafiti wenyewe

Mtafiti akifika, mwombe kibali. Utafiti wa wanyamapori hapa nchini unahitaji ruhusa za COSTECH na TAWIRI, na anayefuata utaratibu haoni tabu kuonyesha karatasi. Muulize maswali matatu: Unatafuta nini? Majina yetu yatatajwa? Utarudi lini na majibu? Mtendaji aandike ahadi hiyo kwenye muhtasari wa mkutano, ili atakayekuja baadaye aweze kukumbushwa.

Ninyi mnaoongoza utafiti wa ndege, kama haya yatawafikia: tunajua kazi yenu ni ngumu. Lakini msije kwetu kama mnaokuja porini pasipo watu. Karatasi moja ya Kiswahili ukutani ina thamani kwetu kuliko kitabu kizima kilicho kwenye kabati la mbali. Waajirini vijana wetu kuhesabu, kwa maana wao ndio wanaowaona ndege hao kila siku. Na msituletee maneno ya "ndege wazuri wa dunia" wakati mtu amepoteza ng'ombe wawili usiku mmoja. Anzeni na ng'ombe. Mkianza na ng'ombe, mtasikilizwa mpaka kwenye ndege.

Kuna watakaosema, "Bwana mifugo, simba amenila, wewe unanihubiria tumbusi." Sijakusahau. Hasira ile niliiona machoni mwa mtu, na mpaka leo naamini alistahili msaada ambao hakuupata, kwangu na kwa wengine. Lakini sumu haikumrudishia ng'ombe. Ilimwongezea mbwa wawili wa kumlipa jirani, na mizoga ya kuchoma siku nzima. Tumbusi 31 wangesafisha mizoga mingi ya kijiji kile bila kudai hata shilingi. Sasa kazi hiyo inafanywa na mbwa na nzi.

Siku hizi ripoti yangu ya mwezi nimeiongezea mstari mmoja kwa mkono: ndege waliokutwa wamekufa, mahali, tarehe, sababu inayodhaniwa. Miezi mingi naandika sifuri. Nataka niendelee kuandika sifuri, lakini sifuri ya kweli, siyo ile ya mwaka 2019.

Ukiona tumbusi wamekufa, hata wawili tu, usiwashike kwa mikono, wazuie watoto na mbwa, kisha nipigie mimi au mwambie mtendaji. Hatutauliza jina lako kwanza. Tutauliza mahali, tarehe, sumu gani, na wangapi.

Tukutane makala ijayo, tutarudi kwenye kuhifadhi mahindi kabla dumuzi hajafika. Kazi njema.